Gurudumu la Kati

Jiwe lilikuwepo kabla ya nyumba.
Igogo hatujengi tunapotaka, tunajenga mawe yanaporuhusu,
na la kwetu limekaa katikati ya ua
kama mgeni aliyekula, akashiba, na bado hajaaga.
Kwa hiyo reli ya baba ilikuwa na njia moja tu:
kulizunguka.

Vichwa vya kuchagua vilikuwa viwili.
Mjane wa mhandisi, kule Isamilo, alivipanga mezani juu ya kanga,
akasema chukueni kimoja, kingine nampa mjukuu.
Cha kwanza magurudumu sita, kifupi, kitiifu,
kingeweza kuzunguka hata sufuria.
Cha pili kirefu kama mkono wangu, bega hadi kucha,
magurudumu kumi, boila tumbo la shaba.
Nilikibeba kama ninavyobeba mtoto wa dada aliyesinzia.

"Hiki kidogo," nikasema. "Kona yetu kali."
Baba, Magadula, mchochea moto wa Tabora hadi Mwanza,
miaka kumi na tisa koleo mkononi,
nyusi zilizoungua zikakataa kuota,
hakunijibu. Alikigeuza kile kikubwa chali,
akapuliza vumbi kwenye fito, akanusa.
"Kidogo hakipandi Malya."
Ua wetu hauna Malya. Nikanyamaza.

Jumamosi tukachemsha.
Maji ya mvua, maana ya bomba huacha ukoko tumboni;
spiriti chini, moto wa buluu usioonekana mchana.
Dakika nane baba katega sikio
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Kikaanza: tu. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu,
mabehewa manne ya dagaa wakavu nyuma,
kikapita choo, kikapita pipa, kikafika kwenye jiwe
na hakikukunja kona.
Kilikwenda moja kwa moja kama mwenye kesi mjini,
kikalala ubavu mchangani, kinafoka mvuke.
Korongo wa mfuko shingoni, yule mwenye upara,
akashuka kutoka paa la jirani,
akala behewa la kwanza lote,
akatutazama kama afisa wa forodha.

Mara tatu hivyo. Mara ya tatu baba hakuinama kukiinua.
Alisema mgongo unauma. Mgongo haukuwa unauma.

Usiku nikakipeleka karakanani kwangu, Mabatini,
ninapochomelea mageti ya watu.
Uzi ulisema: futi nne kutoka moyo wa jiwe.
Rula ikasema gurudumu la mbele na la mwisho
haziwezi kuelewana ndani ya futi hizo.
Jiwe halikatwi. Kichwa hakifupishwi.
Nikakaa nacho magotini, nikakizungusha kwa kidole,
hadi nikaiona ile jozi ya kati,
kingo zake ndizo zinazobishana na reli.
Nikashika tupa.
Nikazila kingo polepole, vumbi la chuma likijaa sketini,
mpaka jogoo wa mama Nkwabi,
mpaka yakabaki magurudumu laini, yasiyoshika kitu,
yanayobeba uzito na kuiacha reli ipite chini yao
inavyopenda.

Mimi ni wa tatu kati ya watano.
Kazi hiyo naijua.

Asubuhi baba akapitisha dole gumba.
Likateleza palipokuwa na ukingo.
"Umekiharibu."
"Washa kwanza."
Akawasha. Bandari ya Kusini treni kubwa ilipiga honi,
ya dizeli, isiyo na jasho, baba hakugeuka.
Kilifika kwenye jiwe, kikasita kidogo,
ile jozi ya kati ikasogea pembeni kama mtu anayempisha mwingine mlangoni,
na kikapita.
Kikapita tena. Korongo juu ya jiwe
akawa anazungusha shingo, anazungusha, hadi akakereka.

Hakunisifu. Alisema, "Ongeza behewa."

Raundi ya kumi na moja spiriti ikaisha,
kikasimama upande wa pili, tusipokiona.
Tukakaa hapo, mimi, yeye na yule ndege,
tukikisikia nyuma ya jiwe kikipoa:
ti.
Ti.
Ti.