Njia ya Chini

Ukishuka ngazi kumi na tisa kutoka jukwaa la kwanza
unaingia tumboni mwa jiwe.
Sisi wa stesheni tunaiita Njia ya Chini,
ingawa kwenye ramani ya ofisini, iliyoliwa na mende pembeni,
ni namba tu, na mstari wa nukta.

Hapa Mwanza huchimbi. Unabishana na jiwe.
Walibishana nalo miaka mitatu kwa nyundo na tindo,
kwa baruti iliyowarusha minandi hadi Saa Nane, kisiwani,
wakarudi saa kumi na moja.
Jiwe likakubali upana wa watu wawili na mzigo mmoja,
zaidi ya hapo likagoma.
Ndiyo maana njia imepinda katikati kama kiwiko,
na mnaokutana kiwikoni
mmoja arudi nyuma, au msalimiane kifua kwa kifua.
Nimeona ndoa moja ikianzia pale.
Na ugomvi wa ndoo ya dagaa.

Mimi ni mkata tiketi, dirisha la pili, lenye nondo za shaba.
Zamani tiketi ilikuwa kadi ngumu kama ukucha:
unaitia kwenye mashine ya tarehe, inasema kachu,
abiria anaing'ata kwa meno, mtoto mgongoni, kuku mkononi.
Siku hizi ni karatasi. Ikilowa jasho
Tabora inafutika.

Mizani ya marobota ya pamba bado ipo, haina pamba.
Kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo.
Saa ya ukutani ina mshale mmoja, na wageni
huukasirikia, sisi tumeuzoea.
Masika ukuta wa mashariki hutoka jasho;
nililamba mara moja, nikiwa mgeni kazini:
si chumvi. Ni ziwa,
liko upande wa pili, limetega sikio.

Mwaka juzi fundi Magesa alikwangua chokaa kule chini.
Nyeupe, ya bluu, nyeupe tena, kijani cha hospitali,
tabaka saba. Chini ya ya saba akapiga mluzi:
"Dada wa tiketi, njoo uone deni la mtu."
Mistari. Minne imesimama, wa tano umelala juu yake,
mafungu kwa mafungu, imechongwa kwa tindo.
Nilihesabu mia mbili na kumi na moja,
na mmoja ulioishia nusu.
Pembeni pana kitu kama jembe,
au samaki aliyesimama.

Watu wakaja kushangaa ile nusu.
Baruti ilimuwahi, alisema mmoja.
Maji yaliingia, alisema mwingine, na akavua kofia.
Mama wa uji akawasha mshumaa, mwingine akaacha sarafu,
na Magesa akafanya kazi kwa kunyata wiki nzima.

Nikampelekea bibi Nkwimba habari, Igoma,
maana baba mkwe wake, Luhende, alipasua mawe yale.
Alikuwa akibangua karanga. Akacheka
mpaka maganda yakamwagika mapajani.
"Amekufa wapi! Mvua ilinyesha.
Alisikia radi ya kweli, si ya wazungu,
akatupa tindo, akarudi Magu kupanda mtama.
Mshahara wa mwezi ule hawakumpa mpaka leo."
Nikamuuliza, utajuaje kama mistari ni yake?
"Sijui. Kwani mvua ilimnyeshea yeye peke yake?"

Magesa amepaka chokaa mpya, cha nane,
akaruka pale, ukubwa wa mlango wa kabati.
Treni ikiingia sarafu hutetemeka drooni mwangu
kabla sijasikia honi; jiwe ndilo hunipasha habari.

Mwezi ule hesabu yangu ilipungua
shilingi mia mbili na kumi na moja, na senti hamsini.
Stesheni masta akavua miwani, akaniuliza zimekwenda wapi.
Nikamwambia: mvua.