Wosha ya Shilingi Mia Tano

Leta beseni, Uyirwoth. Lile jeupe.
Jeusi linaficha,
na leo tunataka mafuta yaseme yote.

Legeza skrubu ya chini. Polepole.
Halafu ya juu, gia zipumue.
Tazama yanavyoshuka:
yangekuwa meusi ningesema ni uzee tu,
lakini haya, mama wee,
haya ni chai ya maziwa,
na injini hainywi chai.

Watu wa hapa Panyimur wakiona rangi za upinde
zikielea nyuma ya boti
husema, aa, matone mawili tu.
Hawaulizi tone lililoondoka
limemwachia nani kiti.

Vua rafadha. Nilikuambia nini?
Uzi wa nailoni, wa nyavu za muziri,
umejiviringisha kwenye ekseli kama shanga za kiunoni,
umepata joto, umekata mdomo wa sili.
Mdomo mwembamba kuliko kucha ya mtoto
na ndio bawabu wa nyumba nzima.
Kata uzi wote. Kila Jumamosi ukate,
hata mwenye injini akikucheka.

Sili ziko mbili, zimepeana mgongo:
moja inatazama ziwa, moja inatazama gia.
Ukizigeuza zitalinda hewa.
Paka grisi. Weka bomba juu yake, ndipo ugonge,
kama unayembembeleza mtu aliyenuna.

Na hii iliyo shingoni mwangu si hirizi.
Mwaka juzi Onegiu alikuja mbio,
abiria kumi na wawili wamekwisha kukaa,
magunia ya ragogi yamekwisha kufungwa.
Mafuta nilibadilisha.
Wosha sikubadilisha.
Nilikuwa nazo, ndani ya kopo la siagi, hatua sita tu,
nikasema, hii bado nzima.
Ilikuwa imebanwa mara tatu,
bapa kama ulimi wa mwongo.

Katikati ya ziwa gia zikaanza kutafuna mawe.
Kisha injini ikawa inalia na boti haiendi.
Walipiga kasia kwa mbao za kukalia, usiku kucha.
Walifika. Wote walifika, nasema mapema
usije ukaniangalia hivyo.
Samaki ndio hawakufika, ilifika harufu yao.

Onegiu hakunitukana.
Aliweka mezani chupa ya soda
imejaa maziwa ya gia, akaenda zake.
Wiki ya pili yakajitenga:
maji chini, mafuta juu,
na kati yao mstari mwembamba kama wosha.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajavuka kwenda Mahagi.
Kule katikati utajenga juu ya nini?

Haya. Kabla ya mafuta, hewa.
Pampu ya baiskeli kwenye tundu la juu,
la chini lizibwe; sindika kidogo, usipitilize,
zamisha ndani ya pipa
na unyamaze.
Hesabu hadi mia tatu.
Kiputo kimoja ni jibu.

Hakuna?
Hesabu tena. Mara ya kwanza ulikuwa unatazama simu.

Sasa jaza, kutoka chini kwenda juu,
hewa ikose pa kujificha.
Mafuta yakichungulia tundu la juu, funga la juu kwanza,
ndipo uchomoe mrija chini.
Ukikosea, mchanga utayanywa
na mshahara wako utayalipa.

Wosha mbili mpya, mia tano kila moja.
Ziandike kwenye risiti, mstari wa kwanza,
juu ya kazi yangu, juu ya jina langu.
Mwenyewe akilalamika
usibishane naye.
Chupa iko pale dirishani.
Mgeuzie jua lipite ndani yake.