Nukta Nyekundu

Duka halikuwa na jina. Juu ya mlango kibao
kilisema MABAKI YA KIWANDA, basi.
Ukishuka ngazi saba kutoka barabara ya tramu,
ukakung'uta theluji kizingitini,
harufu ilikupokea kabla ya mtu:
vumbi lililoungua, grisi,
na sigara ya Bwana Wierzbicki
ambayo sikuwahi kuiona ikiwashwa wala ikizimwa.

Jumamosi. Mimi na baba. Miaka tisa ninayo,
na glavu moja; ya pili imeshuka kituo kingine.

Hakuna aliyetuuliza tunataka nini.
Ulijichotea, mikono hadi viwikoni,
kwenye makreti ya kapasita zenye rangi za peremende,
swichi za mizinga ya vita fulani,
mita ambazo mshale wake ulilala upande mmoja
kama mtu aliyekataa kuamka.
Łódź ulikuwa mji wa wafumaji:
hata waya wa shaba tuliuita uzi.

Na transista, hizo ziliuzwa kwa mizani, kama dengu.
Zilifeli mtihani kule kiwandani.
Mkaguzi alizitia tone la rangi utosini,
jekundu, moja moja, asikosee.
"Hazisikii vizuri," alisema Wierzbicki,
"ila si viziwi."
Baba akacheka kuliko kawaida yake.
Mitambo ya kufumia ilimwachia sikio moja zima.

Jikoni, mama alipokwisha kuondoa sahani,
gazeti lilitandazwa, pasi ya kulehemu ikapata moto.
Utomvu wa msonobari ulitoa moshi mwembamba
na ghorofa ya nne ikanuka msitu.
"Shika hapa. Usipumue."
Nilishika. Sikupumua.
Tone likiganda huku linang'aa, limekamata.
Likifubaa, rudia.

Tulirudia.

Redio ilikaa ndani ya mkebe wa chai.
Usiku wa kwanza, kimya. Wa pili ilikoroma.
Wa tatu baba alichomoa transista, akatia nyingine,
akachomoa, akatia,
na ile ya kumi na moja ikasikia:
mtu, mbali mno, akigonga nukta na vistari,
baba akiandika kwa penseli pembeni mwa gazeti,
herufi kwa herufi, ulimi nje:
JINA OSVALDO. JOTO KALI. NYANYA ZIMEIVA.

Ilikuwa Januari. Dirisha letu
lilikuwa limeganda barafu kwa ndani.
Nilimuuliza baba kama huyo mtu anasema uongo.

Kisha ikaja Disemba ya amri.
Mitambo yote ya kurushia ipelekwe ofisini.
Baba aliubeba wake kifuani, ndani ya koti,
akarudi na stakabadhi yenye mihuri miwili.
Mkebe wa chai hakuna aliyeuulizia.
Basi majira yote ya baridi tulikuwa masikio bila kinywa.
Watu wa mbali waliita, wakaita tena,
wakataja alama yake, Z kwa Z,
na baba, amefumba macho, aliitikia kwa kidole
juu ya meza ya mbao, pasipo waya.

Leo pale chini wanauza vifuniko vya simu.
Ngazi bado ni saba, nilizihesabu.
Kijana mwenye adabu aliniuliza natafuta nini
na nikakosa jibu;
sikuzoea kuulizwa mahali pale.
Nilinunua chaja nisiyoihitaji.

Mfuko wa dengu ninao. Zimebaki mia na kitu.
Juzi niliitoa moja, nikaipima
kwa mita mpya inayoandika maneno.
Mita ikaandika: MBOVU.
Niliipapasa ile nukta kwa ukucha, haibanduki,
nikaiwasha pasi,
nikatandaza gazeti.