Dakika ya Arobaini na Moja

Nyuma ya soko la mahindi Kibaigwa
kuna banda la mabati la Chedego,
kiingilio mia tatu,
mwenye gunia lake la kukalia anapunguziwa.
Jumamosi, mechi zikiisha,
tunapiga miluzi: "Weka Jini! Weka Jini!"
na Chedego, kama mtu anayebembelezwa kula nyama,
anafuta sidii kwa pindo la shati.

"Jini Hana Nauli." Ilipigwa Hombolo kwa siku nne,
kamera ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi,
ndiyo maana pale chini, pembeni, herufi za dhahabu
bado zinawatakia maharusi maisha mema
wakati jini anamnyonga mwenyekiti wa kijiji.

Jini ni Ndahani, fundi baiskeli.
Pembe zake ni karoti mbili. Ya kushoto
inaanza kunyauka njiani; kufikia mwisho
inaangalia chini kama inatubu.
Damu ni zabibu, na nzi wanajua:
mtu akichomwa kisu, wanawahi kabla ya polisi.
Polisi mwenyewe juu kavaa sare ya mgambo,
chini kandambili, kila mguu na rangi yake.

Jini anaruka. Yaani anasukumwa
juu ya toroli, na kivuli cha msukumaji
kinaruka naye, kikihema.
Mbuzi anapita. Anasimama. Anatutazama
sisi, mwaka wa kumi na sita huu, bila haraka.
Yule mbuzi tunampigia makofi kuliko wote.

Bwana mmoja wa wizarani, gari limemharibikia,
aliingia, akasema: "Hii ni mbaya mpaka inauma."
Tukamsogezea gunia.
Haikupita nusu saa
akawa anamtukana jini kunishinda mimi.

Sijui kuieleza. Filamu nzuri
ikiisha inakufungia mlango.
Hii ina matundu kama chekeche,
na kila tundu, kichwa cha mtu kinapenya.
Tunajua maneno yote, hata yale
ambayo mwigizaji aliyasahau;
tunamkumbusha kila wiki, na kila wiki anasahau.

Halafu dakika ya arobaini na moja.
Maiti ya mke wa mwenyekiti, mkekani,
pamba puani, vilio, vumbi la Septemba.
Maiti ni shangazi yangu Sechelela.
Na kifua chake kinapanda.
Kinashuka. Kinapanda.
Banda zima: "Anapumua! Huyo anapumua!"
Ndipo chafya, na pamba inaruka.

Zamani nami nilipiga kelele hizo,
na yeye, nyuma kabisa na karai la karanga, akijibu:
"Sasa mlitaka nife kweli, kwa elfu tano?"

Tulimzika Machi, mvua imegoma.
Jumamosi iliyofuata Chedego alinitazama,
sidii mkononi, hakuiingiza.
Nikasema, weka.
Karoti, toroli, mbuzi.
Ilipofika dakika ile watu wakanyamaza,
adabu imewajaa mdomoni kama ugali wa moto,
mpaka kitoto kimoja cha mbele, kisichojua msiba wa mtu,
kikapanda juu ya gunia, kikanyoosha kidole:
"Anapumua!"

Anapumua, nikasema.
Rudisha nyuma, Chedego.