Raundi Mbili Zimebaki

Jumamosi ya nane. Mwamba wa Tororo
umejifunga ukungu kiunoni
kama mtu aliyegongewa mlango akiwa anaoga.
Tunaanza saa moja na robo, jua halijapandisha hasira,
watu kumi na mmoja na fimbo za kuazimana.
Emodek anazo nne tu, ndani ya begi la shule la mwanawe.
Vumbi la simenti limelala juu ya nyasi;
ukiupiga mpira sawasawa
unga unaruka kidogo, halafu unasahau.

Daftari la alama analo Apolot, muuguzi,
anatoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja.
Anatuandika kwa mkono ule ule
unaoandika homa za watu.
Mimi ni wa kumi.
Wa kumi na moja ameumwa mgongo tangu mwezi wa tano.

Na zawadi ipo, inatafuna.
Tulimnunua mwezi wa tatu kwa mchango,
beberu mwenye miguu ya mwavuli uliovunjika.
"Mpaka mwisho wa ligi atakuwa nyama," alisema Owor,
akampima mbavu kwa vidole vya mtu wa forodha.
Basi makedi wakamlisha maganda ya matoke,
wakamlisha nyasi za shimo la tatu,
wakampa jina, na hapo ndipo tulipoharibikiwa:
Hakimu.
Kwa sababu husimama, hutazama pigo lako,
hunyamaza.

Leo Owor anaongoza kwa alama moja,
Emodek yuko nyuma yake, anahesabu kwa midomo
kama anavyohesabu mbele ya darasa la sita.
Shimo la saba, nyuma ya mikaratusi,
mimi nilikuwa nimeinama natafuta mpira wangu wa tatu,
Owor anajibu simu ya lori lililokwama Malaba.
Hakuna jicho lililokuwa kwa Emodek.
Akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi:
"Umecheza."
Nini kimecheza?
"Mpira. Nilipoweka fimbo, umecheza wenyewe.
Niongezeeni pigo moja."

Owor akakata simu bila kuaga.
Miaka kumi na tisa mpakani
ameona matairi yakitangazwa kuwa maharage,
ameona jeneza lililojaa sukari,
na sasa mtu mzima, kwenye nyasi zenye umande,
anatangaza mzigo wa unywele mmoja.
"Nani ameona?" akauliza, karibu kwa kusihi.
Tukageuka wote.
Hakimu alikuwa pale, taya zinakwenda.

Tukaliandika.

Kwenye chai hakuna aliyempongeza Owor.
Sasa anaongoza kwa mbili, na andazi halimshuki.
Aliinamia sikio langu, mimi wa kumi, nisiye na siri ya mtu:
"Hivi, ndugu yangu, huyu mbuzi
ni lazima achinjwe?"
Nikamwambia kanuni hazisemi.
Kanuni zenyewe ni karatasi moja,
na nusu yake aliila mshitakiwa mwezi wa saba.

Emodek amenifanyia hesabu kwa chaki ukutani:
hata nikishinda raundi zote mbili,
hata wengine wote wakivunjika mikono,
siwezi kupanda zaidi ya nafasi ya nane.
Aliipigia mistari miwili chini, jibu sahihi.
Lakini Jumatano, nikishafunga duka la dawa,
nimejikuta kati ya makatoni na mwavuli mkononi,
magoti yamekunjwa, kichwa chini,
mteja anagonga dirisha, "Panadol ipo?"
na mimi nangoja mpira ambao haupo utue.

Bendera ya shimo la tisa imekwisha kuliwa.
Apolot amefunga bendeji ya hospitali kwenye mti wake,
fundo lake safi, la mtu aliyezoea.
Mvua inashuka mwambani, tuna dakika kumi labda.
"Wa kumi," ananiita, kalamu tayari,
"ni zamu yako, piga tuondoke."