Mafundo ya Kamba

Mvua ya Aprili ile ilikuwa ndogo.
Nalisema mapema, maana mtanibishia.
Kopo la shemeji Anaeli, Mabogini,
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
lilipata vidole vitatu tu.
Mwaka juzi lilipata vinne
na Mto Rau ukapita kwa adabu,
ukalowesha bata, ukaenda zake.

Mimi nina kamba.
Baba alipomaliza kuchimba kisima aliipiga mafundo,
kila fundo dhiraa moja,
ya mkono wake, si wangu.
Februari ya mwaka juzi ilishuka mafundo kumi na tisa
ndipo nikasikia ndoo: pwa.

Kisha ikaja vuli isiyojua kunyamaza.
Krismasi, mafundo kumi na moja.
Februari, saba.
Machi niliinama nikauona uso wangu
karibu mno,
kama wa mtu anayetaka kukopa.

Nikamwambia Anaeli: chini kumejaa.
Akatazama mlimani. Kila mtu hutazama mlimani.
Kweupe, akasema, hata wingu hakuna.

Sakafu ya saruji ikaanza kutoka jasho.
Gunia la mchele likaota ukungu upande wa chini.
Usiku vyura walilia ndani ya choo
nami nikahesabu gizani, kwa kidole:
matatu.

Ndipo vikaja vile vidole vitatu vya mvua.
Ardhi ikavikataa,
kama mtoto aliyeshiba
anavyokaza midomo mbele ya kijiko.
Kila tone likatimuliwa mtoni,
na mto wenyewe ulikuwa umekunywa wiki nzima chinichini,
kwenye chemchemi, kwenye mizizi ya msitu,
pasipo mtu kuuona ukimeza.

Moshi mjini walilala wakavu.
Kwangu maji hayakupitia mlangoni.
Yalipiga hodi uvunguni,
yakaelea na kandambili moja ya marehemu baba.
Mto ulifika saa kumi alfajiri,
mgeni aliyechelewa,
ukakuta nyumba imeshajaa.

Sasa wanamsema Elirehema, kijana wa lango la mfereji,
eti alisinzia.
Nilimwona. Viganja vilimchubuka kwa lile gurudumu.
Mwacheni.

Leo ni Juni, jua kali.
Mpunga umelala kifudifudi, unanuka.
Watu wanaanika magodoro, wanashukuru kumekauka.

Nateremsha ndoo.
Fundo la tano halijanitoka mkononi,
pwa.