Kupima Kisichokaa

Jyväskylä, Februari, saa tisa usiku.
Ziwa limeganda, mtu analivuka kwa baiskeli.
Huku chini Hilkka Vänskä amevua viatu,
soksi za sufu juu ya kiti cha pili,
anapima uzito wa kitu
ambacho hakitaisubiri sentensi hii iishe.

Hakuna sahani mbili, hakuna jiwe la ratili.
Kuna sumaku inayokunywa heli baridi,
na ndani ya sumaku mtego, na ndani ya mtego
ayoni moja ya paladi
inazunguka.
Nzito huzunguka polepole, nyepesi upesi:
ndiyo mizani yote.
Unahesabu kama mshairi ahesabuye silabi kwa vidole,
ila hapa vidole vingetakiwa laki tisa
kwa kila sekunde.

Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba hiki kinavuja.
Kila sekunde mbili nusu ya ulichokusanya
imekwisha kuwa fedha.
Nyutroni imegeuka protoni, elektroni imechomoka,
nyutrino imeondoka bila kuaga,
imepenya ukuta, mwamba, theluji.
Fedha halisi, ile ya kwenye jedwali,
isiyonunua hata andazi la iliki pale kantini.

Kisha anampima binti kama alivyompima mama.
Anatoa.
Kinachobaki ndiyo nauli ya safari nzima.

Saa kumi na moja jibu linatulia.
Limezidi la kitabuni kwa kiloelektronivolti tisini na mbili.
Anarudia. Tisini na mbili.
Na ile ya kitabuni ni ya Reijo Kallunki,
mstaafu anayekuja kila asubuhi kutuibia kahawa,
aliyeipima mwaka themanini na tatu
kwa detekta ya kujiundia.

Aliingia na theluji mabegani.
Hilkka hakujua aanzie wapi; akamgeuzia skrini.
Kallunki akabadilisha miwani.
“Ayoni ngapi?”
“Mia nne na kumi.”
“Na za kulinganishia?”
“Zipo.”
Akanyamaza muda ambao paladi yoyote ingekuwa imekwisha.
“Basi palikuwa na gamma,” akasema.
“Elektroni haikubeba mzigo wote.
Mwenzake alibeba kidogo, akapita,
nami sikumsikia.”

Akakitafuta kitabu chake rafuni,
akaikata namba kwa mstari mmoja wa penseli,
mwembamba, bado inasomeka.
Kisha akauliza nani amemaliza maziwa.